Je, kinyongo kinaweza kumzuia mtu mwema kuingia mbinguni?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nimeokoka tangu nikiwa sekondari. Sinywi, siibi, natoa fungu la kumi, naimba kwaya na kutembelea wagonjwa. Baba yetu alipofariki, kaka yangu mkubwa aliteuliwa msimamizi wa mirathi. Aliuza shamba bila kutushirikisha, akanipa pesa kidogo na kuniambia mwanamke hupata kwa mumewe. Huu ni mwaka wa tano hatusalimiani. Nikisikia jina lake tu, moyo unawaka. Jumapili iliyopita mhubiri alisema mwenye kinyongo, hata awe na matendo mema kiasi gani, haingii mbinguni. Je, ni kweli? Mema yangu yote yamepotea? Nikisamehe ina maana nimeacha haki yangu? Na nishiriki Meza ya Bwana au nikae pembeni?

Jibu: Amina, dada. Mhubiri wako amesema kweli, ila ameisema nusu. Ni kweli kwamba matendo mema hayamfikishi mbinguni mwenye kinyongo. Nusu iliyobaki ni kwamba hayamfikishi hata asiye na kinyongo. Ukitoka ibadani ukidhani kizuizi kati yako na Mungu ni kimoja tu, yaani kaka yako, utapambana kumtoa moyoni, na siku utakapofanikiwa utajihesabu umepona kwa sababu umefanikiwa. Hapo utakuwa umeokolewa na upole wako, na msalaba utakuwa umebaki kuwa pambo la ukutani.

Paulo aliwaandikia Waefeso: «Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu.» Wengi wanaujua mstari huo kwa moyo na kuishia hapo. Mstari unaofuata, wa 10, unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Angalia mpangilio wake: wokovu unatangulia, matendo yanafuata. Kusamehe kumo katika hayo yanayofuata. Ukiuchukua msamaha na kuuweka mbele, kama nauli ya kuingilia, unakuwa umerudi kwenye matendo kwa mlango wa nyuma.

Sasa hayo mema yako. Hayajapotea, na anayekwambia yamepotea hajasoma vizuri habari za Kornelio katika Matendo sura ya 10. Yule akida wa Kirumi pale Kaisaria alikuwa mtauwa, mcha Mungu pamoja na nyumba yake yote, mtoaji wa sadaka nyingi na mtu wa kusali daima. Malaika alimwambia wazi kwamba sala zake na sadaka zake zimefika mbele za Mungu na kuwa ukumbusho. Mungu aliyaona na kuyapokea. Na bado akaambiwa atume watu Yafa wakamwite Simoni Petro, ambaye, kama Petro mwenyewe alivyosimulia baadaye katika sura ya 11 mstari wa 14, angemwambia maneno ambayo kwa hayo ataokolewa. Kama tabia njema ingetosha, safari ile ya Petro isingekuwa na kazi. Mema ya Kornelio yalikuwa ya kweli, na Kornelio alihitaji kuokolewa. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila kugombana, kwako kama kwake.

Lakini sura inayokuhusu zaidi naona ni Luka 15, na ndani yake sehemu ambayo mahubiri mengi huiruka. Mwana mpotevu amerudi, ndama amechinjwa, watu wanashangilia. Mwana mkubwa anatoka shambani, anasikia ngoma, anamuuliza mtumishi kuna nini. Akishaelezwa, Luka anaandika kwamba alikasirika, akakataa kuingia ndani. Huyu hakuwahi kulewa wala kutapanya mali. Sikiliza utetezi wake: amemtumikia baba miaka mingi, hajavunja amri hata moja, na hajapewa hata mwana-mbuzi afurahi na rafiki zake. Kila anachosema kuhusu mwenendo wake ni kweli, na baba hampingi. Ila hasira imefichua jambo ambalo miaka yote ya utii ilikuwa imelifunika: alikuwa anatunza daftari la madeni, kama lile la mwenye duka anayekopesha, ukurasa mmoja wa baba na ukurasa mmoja wa mdogo wake. Ndiyo maana hasemi «ndugu yangu». Anasema «huyu mwana wako». Baba anamrudishia neno lilelile likiwa limenyooshwa: «huyu ndugu yako».

Hapo ndipo tabia njema inapofika mwisho wa uwezo wake. Inaweza kuzuia mkono usipige na mdomo usitukane. Inaweza kumfanya mtu apendeze kanisani kwa miaka 20. Haiwezi kuufuta ukurasa wa daftari, kwa sababu mara nyingi tabia njema yenyewe ndiyo inayoandika: mimi nimefanya haya, wao wamenifanyia yale. Ndiyo maana kinyongo hukaa vizuri zaidi kwa watu wema kuliko kwa wahuni. Mhuni anajua ana deni. Mtu mwema ana ushahidi.

Bwana Yesu aliweka jambo hili wazi katika Mathayo 5:21-22. Sheria ilisema usiue, na karibu kila msikilizaji wake pale mlimani angeweza kujibu kwamba hajaua. Yesu akaishusha amri ile hadi kwenye hasira juu ya ndugu na maneno ya kumdharau, na wote wakajikuta ndani ya hukumu. Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza 3:15, anamwita anayemchukia ndugu yake mwuaji. Hawa hawapandishi kiwango ili tujitahidi zaidi. Wanafunga njia ya kujihesabia haki, ili yule anayejiona salama kwa sababu hajamwaga damu abaki na ombi la mtoza ushuru katika Luka 18:13: «Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi.»

Hata hivyo, usijihukumu kwa jambo ambalo Maandiko hayakuhukumu. Kukasirika siku ulipopata habari kwamba shamba limeuzwa hakukuwa dhambi. Marko 3:5 anasema Yesu aliwatazama watu sinagogini kwa hasira, akihuzunishwa na ugumu wa mioyo yao, kisha akamponya mtu mwenye mkono uliopooza. Hasira ile ilikuwa kwa ajili ya mtu aliyeonewa, ilikuwa na huzuni ndani yake, ilizaa tendo la uponyaji, ikaisha. Waefeso 4:26-27 nayo inakubali kwamba hasira itakuja, halafu inaiwekea saa: «jua lisichwe na uchungu wenu haujawatoka, wala msimpe Ibilisi nafasi.» Kwa hiyo swali la kujiuliza linahusu kilichotokea baada ya hasira kuja. Imeomba nini? Ikiomba jambo lirekebishwe, bado ina afya. Ikianza kuomba mtu aumie, afilisike, watoto wake wafeli, afe akiwa ameaibika, imeshageuka chuki. Na ikishakaa miaka mitano bila kuomba chochote zaidi ya kukumbukwa, hicho ndicho kinyongo. Walawi 19:17-18 inakikataza kwa jina, na palepale, katika sentensi ileile, inaamuru kumpenda jirani kama nafsi yako. Tena inaagiza umkemee jirani yako waziwazi usije ukachukua dhambi kwa ajili yake. Kunyamaza kwenu miaka mitano si upole. Ni kinyume cha agizo hilo.

Sasa niseme juu ya neno linalokutisha, maana lipo na siwezi kulilainisha. Mathayo 6:15 inasema msipowasamehe watu makosa yao, Baba yenu naye hatawasamehe ninyi. Wengine hulisoma kama biashara: toa msamaha, upewe msamaha. Ufafanuzi wake Yesu aliutoa mwenyewe katika Mathayo 18:23-35, na hapo inafaa kupiga hesabu.

Mtumwa wa kwanza katika mfano huo alidaiwa na mfalme wake talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa sawa na dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona katika Mathayo 20:2. Deni lote ni dinari milioni 60. Mtu akifanya kazi siku 300 kwa mwaka bila kula senti, anahitaji miaka 200,000 kulimaliza. Mjoli wake (mtumwa mwenzake) alidaiwa naye dinari 100, yaani karibu miezi minne ya vibarua. Tuseme kibarua analipwa shilingi 10,000 kwa siku: deni la pili ni shilingi milioni 1, la kwanza ni shilingi bilioni 600. Kuna mambo mawili hapa. Kwanza, milioni moja si kitu kidogo kwa mtu wa kawaida. Yesu hakusema ulichodhulumiwa ni upuuzi, na ye yote anayekwambia «sahau tu, ni vitu vya dunia» anasema jambo ambalo mfano huu hausemi. Pili, angalia nani alianza. Mfalme alisamehe katika mstari wa 27, kabla mtumwa hajamsamehe mtu. Hakumpa masharti ya awali. Lawama ya mstari wa 33 ilikuja baadaye: haikukupasa kumrehemu mjoli wako kama mimi nilivyokurehemu? Kosa la yule mtumwa ni kwamba alipewa msamaha wa mabilioni, akatoka nao mlangoni, na haukumgusa mahali po pote. Alikaba koo la mwenzake palepale nje.

Kwa hiyo onyo ni la kweli, na adhabu ya mstari wa 34 inatisha kweli. Lakini linamlenga mtu anayekataa, anayesema «sisamehi ng'o» na kustarehe hapo. Halimlengi anayelia kwa sababu anataka kusamehe na moyo unagoma. Barua yako ni ya mtu wa pili.

Makanisa yanatofautiana namna ya kulieleza onyo hilo. Wapentekoste na Wamethodisti wengi watasema mwamini anayeng'ang'ania kutosamehe anaweza kuanguka kutoka katika neema. Wapresbiteri na Wabaptisti wengi watasema mtu asiyesamehe kabisa, mpaka mwisho, anaonyesha kwamba hakuwahi kuzaliwa upya. Wakatoliki wataongea juu ya dhambi inayohitaji toba na kitubio. Mabishano haya ni ya zamani na hayataisha katika jibu hili. Ila katika lile la msingi umbali ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mtaguso wa Trento mwaka 1547, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki uliokuwa ukiwajibu wafuasi wa Luther, ulikataa katika kanuni yake ya kwanza kabisa juu ya kuhesabiwa haki kwamba mtu anaweza kuwa mwenye haki mbele za Mungu kwa matendo yake bila neema kwa njia ya Yesu Kristo. Na tarehe 31 Oktoba 1999, katika mji wa Augsburg, Ujerumani, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi Tamko la Pamoja kuhusu jambo hilohilo. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Ukisikia mtu wa dhehebu lo lote anafundisha kwamba tabia njema peke yake inatosha, anafundisha kitu ambacho hata kanisa lake halikifundishi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano wa karibu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwagusa sana watu waliokuwa tayari wamebatizwa, walimu wa shule, wauguzi na wahudumu wa kanisa. Walikuwa watu wa mwenendo mzuri. Walichotubu hadharani mara nyingi kilikuwa wivu, chuki na kudharauliana, na walirudisha vitu walivyochukua. «Kutembea nuruni» kulimaanisha kumwendea mtu fulani kwa jina na kusema naye. Wimbo wa uamsho huo, «Tukutendereza Yesu», bado unaimbwa. Ile tabia ya kwenda nyumbani kwa mtu imepungua, na naona tumepoteza sana.

Haki yako ya urithi sasa. Kusamehe na kudai ni mambo mawili, na unaweza kuyafanya yote. Katika Hesabu 27 mabinti watano wa Selofehadi, yaani Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mbele ya Musa, kuhani Eleazari na wakuu wakadai urithi wa baba yao, kwa sababu hakuacha mtoto wa kiume. Mungu alijibu kwamba wamesema haki, na amri ikatolewa wapewe. Kwa hiyo kudai urithi si ukosefu wa kiroho. Ila soma pia Luka 12:13-15. Mtu alimwomba Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi, na Yesu akakataa kuwa mwamuzi wao, kisha akawaonya wote juu ya choyo. Dai linaweza kuwa halali na bado moyo wa mdai ukawa mgonjwa. Paulo, katika 1 Wakorintho 6:1-8, aliwaaibisha waamini waliokuwa wakipelekana mahakamani kabla ya kutafuta hata mtu mmoja mwenye hekima kati yao wa kuamua, akauliza mbona hamkubali kudhulumiwa. Watu hulitumia swali hilo kumnyamazisha mnyonge. Wanasahau mstari wa 8, ambapo anawageukia wadhulumu wenyewe.

Namna ya kwenda nalo ni hii. Msimamizi wa mirathi si mrithi wa mali yote. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kugawia warithi, na kuwasilisha hesabu kwa mahakama iliyomteua. Tafuta namba ya shauri la mirathi na uulize pale mahakamani kama hesabu iliwasilishwa na jina lako limeandikiwa nini. Kabla ya hapo, au sambamba, omba kikao cha ukoo chenye mtu mzima ambaye wote mnamheshimu, na mzee wa kanisa kama kaka ni mwamini. Usingoje hasira iishe ndipo uulize, wala usiulize ili hasira ipate chakula. Madai yana ukomo wa muda kisheria, na kinyongo hakina habari na ukomo huo. Ndiyo maana watu wengi hukaa na uchungu miaka 15 na kugundua kwamba kilichobaki mkononi ni uchungu peke yake.

Kuhusu kusamehe kwenyewe, anza kwa karatasi. Andika alichofanya, kwa sentensi fupi zenye ushahidi: aliuza shamba mwaka fulani, hakutuita, alinipa kiasi fulani, alisema maneno haya. Usiandike nia yake. «Alitaka kunidhalilisha» huijui. «Alisema mwanamke hupata kwa mumewe» unaijua. Watu wengi hawawezi kusamehe kwa sababu wanajaribu kusamehe ukungu, kitu kikubwa kisicho na mipaka. Kosa lenye jina linasameheka. Chini yake, andika na ya kwako: ulimtukana kwenye kikao? Ulikataa kuhudhuria harusi ya mtoto wake? Uliwagombanisha wifi na mawifi wengine? Hayo nayo ni deni, hata kama ni dinari chache.

Kisha simama uombe. Marko 11:25 inasema msimamapo na kusali, sameheni mkiwa na neno juu ya mtu. Hapa kaka hayupo, hajaomba radhi, hajarudisha kitu. Msamaha huu unafanyika kati yako na Mungu, na maneno yake yawe wazi: Bwana, kaka amenidhulumu shamba. Haki ya kumlipiza naikabidhi kwako. Simtakii mabaya. Nisaidie kumtakia mema. Warumi 12:19 inaeleza kwa nini inawezekana: kisasi ni cha Bwana. Hufuti kesi, unaihamishia kwa hakimu mwingine.

Baada ya hapo, mwendee. Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu. Usimwendee msibani, usimwendee sikukuu yenye wageni, usitume ujumbe mrefu WhatsApp usiku wa manane. Omba muda, nenda mchana, keti, na mazungumzo yasizidi saa moja. Anza na kosa lako kama lipo: «Shikamoo kaka. Nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza, yale maneno niliyokutupia kwenye kikao yalikuwa mabaya, naomba unisamehe. La pili, shamba la baba liliuzwa bila sisi, na liliniumiza sana. Sitaki tuishi hivi. Naomba tulizungumze.» Halafu nyamaza, asikie. Akikataa, mstari wa 16 unaruhusu kuongeza mtu mmoja au wawili. Akikataa tena, umefanya sehemu yako. Warumi 12:18 ina maneno mawili ya kukupumzisha: «kama yamkini», na «kwa upande wenu».

Kupatana kunahitaji watu wawili, kusamehe kunahitaji mmoja. Kumwamini tena kunahitaji muda na ushahidi. Paulo anatuonyesha hilo katika 2 Timotheo 4. Waliomwacha peke yake kwenye utetezi wake wa kwanza anawaombea wasihesabiwe hatia. Iskanda mfua shaba, aliyemtendea ubaya mwingi, anamwachia Bwana amlipe, na papo hapo anamwambia Timotheo ajihadhari naye. Kujihadhari si kinyongo. Unaweza kumsamehe kaka na bado usimpe tena nyaraka zako azitunze.

Yapo mambo yanayoharibu kazi hii. La kwanza ni kutangaza kanisani kwenye ushuhuda kwamba umemsamehe kabla hujasema naye. Watu watashangilia, yeye atasikia mtaani kwamba umemtaja madhabahuni kama mwizi, na mtakuwa na ugomvi wa pili juu ya wa kwanza. La pili ni ombi la maombi lililo umbea: «tumwombee kaka yangu, shetani amemtumia». La tatu ni maombi ya moto, ya kutaka aone, apigwe, ashuke. Zaburi kama ya 109 zipo, na ni lugha ya mtu aliyeonewa anayemkabidhi Mungu hukumu. Ukizisoma kila usiku ukiwa na sura ya mtu mmoja akilini, zinakuwa kuni. La nne, na hapa nitawaudhi wengine, ni kukimbilia kuombewa «pepo wa hasira». Wagalatia 5:20 imeiweka hasira katika matendo ya mwili, pamoja na wivu na fitina. Matendo ya mwili hutubiwa na kusulubishwa. Kuyakemea tu ni kumpa mtu sababu ya kutokwenda kwa kaka yake. Na kuna marafiki wanaokuletea habari zake kila wiki, kanunua gari, kajenga. Wazee walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Hao waambie jembe liko wapi.

Itarudi. Utamsamehe Jumatatu na Alhamisi utapita pale shambani, moyo uwake tena. Hiyo haina maana kwamba msamaha wa Jumatatu ulikuwa wa uongo. Petro alipouliza mara ngapi, alijibiwa saba mara sabini, na katika maisha ya kawaida nyingi ya mara hizo huenda kwenye kosa lilelile moja linapokumbukwa upya. Rudia maneno yaleyale ya ombi, kwa ufupi, na uendelee na safari. Usikae kupekua. Alama ya kwamba unapona utaiona pale utakaposikia kaka ameugua na ukagundua kwamba hukufurahi.

Kwa wasomaji wengine ambao kesi yao si shamba bali kipigo nyumbani, au mtu anayemnyanyasa mtoto: msidanganywe kwamba kusamehe ni kurudi kulala chumba kimoja na hatari. Ondokeni kwanza, ripotini polisi dawati la jinsia, mtibiwe. Msamaha utakuwa na wakati wake, na hauhitaji mwathirika awepo karibu na mkosaji.

Umebakia kuuliza kuhusu Meza ya Bwana. Mathayo 5:23-24, inayotumika sana kuwazuia watu, inamhusu anayekumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, yaani mkosaji. Katika suala la shamba, mwenye neno ni wewe, na Marko 11:25 inakuruhusu kulimaliza hapohapo unaposali. Katika yale maneno ya kikao, kama yalikuwepo, wewe ndiwe mkosaji, na hapo agizo la kwenda kwanza ni lako. Likitekelezeka kwa simu Jumamosi, piga Jumamosi. Onyo la 1 Wakorintho 11 liliandikwa kwa watu waliokuwa wakila wenyewe na kuwaacha maskini na njaa kwenye karamu ya Bwana, na dawa iliyotolewa katika mstari wa 28 ni mtu ajihoji mwenyewe, na hivyo aule mkate. Anayekataa kusamehe na hataki kuambiwa, heri asubiri na aonane na mchungaji. Anayetubu na anayehangaika kusamehe, ale. Mezani pale hupewi tuzo ya wasio na hasira. Unapewa mwili na damu ya yule aliyelipa zile bilioni 600, na Mkristo anayepambana na kinyongo anahitaji kula kuliko kufunga. Kama kanisa lenu lina kitubio au maungamo ya faragha, yatumie kabla ya ibada. Kama halina, mwambie mchungaji wako, kwa dakika tano tu, kwamba jambo la kaka umeanza kulishughulikia na tarehe ya kikao mmeipanga.